Mguu wa Fundi na Chupa Tatu

Mtaani kwetu watu hawakuhitaji saa. Cherehani ya fundi ikianza kulia, watoto waliamka wakajiandaa kwenda shule. Ikinyamaza, ujue fundi anakula. Ikilia mbio mbio, ujue kuna mteja amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anaulizia nguo aliyoahidiwa wiki iliyopita.

Fundi alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Nyumbani alikaa na mkewe, na dada yake mkubwa, na mama mkwe wake, aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka.

Siku moja fundi alipanda kigoda atundike pazia la mteja. Kigoda hicho kilikuwa na miguu mitatu mizima na mmoja wa kubahatisha. Fundi alijua. Kila siku alisema atakitengeneza kesho. Kikamwangusha, na mfupa wa mguu wake wa kulia, chini ya goti, ukavunjika.

Hospitali walimpiga picha, wakaurudisha mfupa mahali pake, wakamfunga plasta. Akapewa magongo. Baada ya wiki kadhaa alirudi kupigwa picha nyingine. Daktari aliitazama kwa muda mrefu kuliko fundi alivyopenda. Alisema mfupa umeanza kuunga, lakini unajivuta. Akamwambia ale vizuri, aache kabisa sigara, arudi baada ya miezi miwili. Kama mfupa utaendelea kujivuta, huenda mguu ukapasuliwa na kuwekwa chuma.

Njiani fundi aliyasahau maneno yote isipokuwa hilo la chuma. Alipofika nyumbani aliketi mbele ya cherehani, akaitazama sehemu ya kukanyagia. Alimuuliza mkewe kama mguu wenye chuma utaweza kazi ile. Nyumba nzima ilikula kwa cherehani hiyo.

Sasa, wanawake watatu wa nyumba ile walimpenda fundi, na kila mmoja alikuwa na siri yake. Mkewe alikwenda duka la dawa, akanunua chupa ya vidonge vya kuimarisha mifupa. Kwenye chupa palichorwa mzee anaruka kamba. Akawa anampa mumewe asubuhi, akimwomba asimwambie wifi, maana wifi ataanza maneno. Dada naye alinunua yake. Alimpa mchana, akamwonya mkewe asijue, asije akaona anaingiliwa katika nyumba yake. Mama mkwe alinunua chupa ya unga wa kuimarisha mifupa, akaukoroga kwenye maziwa ya jioni. Yeye hakuonya mtu. Alisimama tu mbele ya fundi mpaka kikombe kiishe.

"Baba, maliza," alisema.

Nani atamkatalia mama mkwe? Fundi alimaliza.

Na fundi naye alikuwa na siri yake. Kila jioni alijikongoja kwa magongo hadi nyuma ya nyumba, akavuta sigara moja, siku nyingine mbili. Alijiambia kwamba dawa zote zile za mifupa haziwezi kushindwa na moshi kidogo.

Haikuchukua muda, hamu ya chakula ikamtoka. Moyo ukawa unamchafuka. Alikuwa na kiu isiyokwisha, na kila mara alikwenda kukojoa. Choo kikubwa ndicho kilichofunga duka kabisa. Mayai yalirudi jikoni. Maharage yalirudi jikoni. Wanawake walipoona anadhoofika, kila mmoja kwa wakati wake aliongeza kipimo kidogo. Fundi alinyamaza. Mtu mzima ataanzaje kuzungumzia choo na mama mkwe yuko chumba cha pili?

Asubuhi moja alishindwa kusimama. Akatapika, akaanza kuongea kama mtu aliyelewa. Mkewe alikimbia kumwita jirani yao, muuguzi wa zahanati. Mtaa mzima ulimwita Sista.

Sista alimpima, akamuuliza maswali. Alipofika kwenye choo, fundi alimtazama mama mkwe. Kisha akaitazama dari.

"Kinaendelea vizuri," alisema.

Sista hakuwa mgeni wa nyumba za watu. Alimwomba mama mkwe amletee maji ya kunawa. Mama mkwe alipotoka, fundi alisema kweli yote kwa sauti ya chini. Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Leteni hapa kila kitu anachomeza," Sista alisema. "Hata kile cha siri."

Mke akaelekea kwenye kopo la sukari. Dada akafungua mkoba wake. Mama mkwe akaenda kuchomoa kitu chini ya mto wake. Wakakutana kwenye meza ya kukatia nguo, kila mmoja na chupa yake.

"Wifi, kumbe na wewe?" aliuliza mke.

"Mimi tu? Mtazame mama yako," alijibu dada.

Sista alisoma maandishi ya chupa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Zote zilikuwa na madini ya kalsiamu na vitamini D. Majina matatu, dawa ile ile. Dada alijitetea kwamba ni dawa ya mifupa, nao walitaka mfupa uunge haraka. Sista hakuwagombeza. Alichukua kopo la vifungo, akalitikisa.

"Fundi, nikikuletea ndoo nzima ya vifungo bila kitambaa, utanishonea shati?"

Fundi alikuwa hoi, lakini alicheka.

"Utavaa kelele, Sista."

"Basi hawa wamekujazia vifungo. Kitambaa kinarudi jikoni kwenye sahani."

Akawaeleza. Kalsiamu na vitamini D si vitu vibaya. Mfupa unavihitaji. Mtu mwenye upungufu hupimwa, akapewa kwa kipimo, navyo humsaidia. Lakini asiye na upungufu hata akirundika vidonge, mfupa hauungi haraka zaidi. Vikizidi sana, kalsiamu hujaa kwenye damu. Mtu huona kiu, hutapika, hufunga choo, akili huchanganyikiwa, na hata figo zinaweza kuumia. Na mfupa unaounga hauhitaji kalsiamu peke yake. Unataka chakula cha kujenga mwili, kama mayai, samaki, maharage na maziwa. Unataka mboga na matunda.

Halafu akanusa shati la fundi.

"Na sigara?"

Fundi akarudi kuitazama dari.

"Nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji," alisema mama mkwe. "Mimi nilidhani ni mwizi anatusubiri tulale."

Sista alisema moshi wa sigara hubana mishipa ya damu, na damu ndiyo inayobeba chakula cha mfupa. Hakuna kidonge kinachofidia hilo. Kisha akasema maneno yametosha, mgonjwa aende hospitali sasa hivi, na chupa zote ziende naye.

Damu ilipimwa. Kalsiamu ilikuwa imezidi. Walimlaza, wakamwekea dripu, wakasimamisha chupa zote. Aliporudi nyumbani alikuwa mwepesi, kwa kila maana ya neno hilo.

Tangu hapo sahani haikuwa na siri. Wanawake walipika kwa zamu, na sahani ikirudi na chakula, wote watatu waliulizana. Sigara aliiacha, lakini ilimsumbua. Hamu ilipompanda, mkewe alimpa nguo kuukuu afumue mishono. Mwisho wa mwezi hapakubaki nguo kuukuu hata moja, na nyingine alizofumua hazikuwa kuukuu.

Siku ya picha walikwenda wote. Daktari aliishika picha, akaitazama kwa muda mrefu tena. Mke alimshika wifi yake mkono.

"Chuma?" fundi aliuliza.

"Hakuna chuma. Umeunga vizuri."

Mama mkwe aliketi ghafla. Bahati nzuri benchi lilikuwa pale pale. Mke na wifi walikumbatiana, wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Daktari alisema hata damu imekaa sawa, na kwa sasa hahitaji kidonge chochote. Siku akihisi anahitaji, aulize kwanza.

Plasta ilitolewa. Fundi alifanya mazoezi ya mguu kama alivyoelekezwa. Asubuhi moja mtaa ukasikia cherehani. Ililia polepole, ikasimama, ikalia tena. Watoto waliokuwa wamezoea kuchelewa shule walinuna.

Dawa zilizobaki zilirudishwa duka la dawa ziharibiwe. Chupa zilioshwa zikatiwa vifungo. Juzi mteja mmoja mwenye maumivu ya mgongo aliona ile yenye mzee anayeruka kamba. Akaomba kidonge kimoja tu.

"Humo mna vifungo," fundi alimwambia. "Mgongo wako mwonyeshe Sista."

"Na akikuuliza habari za choo," mama mkwe alidakia kutoka chumba cha pili, "usitazame dari."

Fundi alikanyaga cherehani kwa mguu wake wa kulia, mbio mbio, mpaka mtaa mzima ukajua kuna mteja mlangoni.