Aliyeomba Vidonge

Bibi Hildegardi wa Mapera aliacha kumwamkia mumewe.

Mtasema mumewe alikuwa amekufa. Ndiyo, alikufa zamani, na kila asubuhi Bibi alifungua mlango wa jikoni, akamsalimu kwa Kimatengo, akampa habari za kahawa na wajukuu, kisha akashika jembe. Kwetu hiyo ni heshima. Lakini zahanati za watu binafsi ziliporuhusiwa tena, Daktari Frederick, mtu wa kuja, akafungua yake, na Valence, mwana wa Bibi, akampeleka mama yake kwa ajili ya mguu uliovimba. Bibi alikaa kwenye benchi akinong'ona.

"Anasema na nani?" daktari akauliza.

"Na baba," Valence akajibu.

"Baba yuko wapi?"

"Alishakufa, daktari."

Basi! Mguu haukuguswa. Bibi wa watu akapewa vidonge vya wagonjwa wa akili, kutwa mara tatu.

Kwanza ukaja ukimya. Ikafuata harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha, ilhali mavuno yalikuwa bado. Kisha mchana mmoja Restituta, mke wa Valence, akipepeta mahindi uani, akasikia miguu ikiburutwa ndani ya nyumba. Lakini Bibi alikuwa mbele yake mkekani, mate yakimtoka.

"Shikamoo, mama," Restituta akasema kwa woga.

Bibi akageuza shingo. Maisha yake yote alikivunjavunja Kiswahili. Sasa ilitoka sauti ya kiume, iliyonyooka kama ya redioni.

"Saa ya dawa imefika. Nipe."

Akampa. Wewe ungekataa?

"Nyamaza," Valence alimnong'oneza mkewe jioni. "Daktari alisema ataweweseka."

"Kuweweseka kunanuka?"

Vidonge vilipoisha, Valence akaenda kuongeza, mvua ikaharibu njia, akalala hukohuko. Kesho yake Restituta akasikia sauti ya mkwewe mwenyewe, ya Kimatengo, ikitoka mbali sana.

"Mwanangu, usinipe tena. Kila nikimeza, yeye anakaa, mimi nazama. Nikimeza tena sitarudi."

Mara Valence akaingia na pakiti mkononi. Restituta akamnyang'anya.

"Umepata wazimu?"

"Nipige ukitaka! Mama yako hamezi!"

Hapo jini likanyanyuka na mwili wa Bibi, mguu mbovu na mzima yote sawa, likamfuata Restituta uani, harufu ikiziba pua, kuku wakikimbilia mahindini, miguu isiyoonekana ikiburutwa nyuma yake na pembeni yake na mbele yake, na ile sauti ikirudia kwa upole, upole wa kutisha kuliko ukali, nipe, binti, nipe, mzee anahitaji kupumzika, nyote mnahitaji kupumzika, nipe, hadi mgongo wake ukagonga mlango wa choo.

Akaufungua, akamwaga vidonge vyote shimoni.

"Haya, vifuate!"

Jini likapiga ukelele. Valence, mwanaume mzima, akapiga magoti. Bibi akaanguka, akajishika koo kwa mikono miwili, na Kimatengo chake kikapanda toka tumboni.

"Mwili huu nimeuzeesha mwenyewe! Toka!"

"Wenzako wananipa," likasema, likatoka. Majani yalilala chini, mstari mmoja, kuelekea zahanati.

Jumapili Bibi alilala na kula tu. Jumatatu akashika fimbo, akaenda akichechemea, Restituta nyuma yake. Benchi la zahanati lilijaa wazee. Mate yaliwatiririka, na harufu ilikuwa ileile. Wakainua nyuso kwa pamoja, wakitabasamu.

"Umerudi, Hildegardi?" wakasema kwa sauti moja, ya kiume.

Restituta akamvuta mkono. "Mama, twende nyumbani, nakusihi."

"Nikafanye nini? Hawa wote nimecheza nao ngoma."

Daktari akatokeza mlangoni, akauliza kama dawa imetumika yote.

"Mwambie mguu bado unauma, aje auguse," Bibi akamwambia Restituta. "Atanikuta hapahapa."

Akajibana katikati ya benchi, akamshika mkono jirani yake, mzee Kilian, akamwita kwa Kimatengo mpaka wapita njia wakasimama.

"Kilian wa Bernadi! Nakuita wewe, simwiti huyo. Amka, mvivu wee!"

Tabasamu likatoweka midomoni mwao wote mara moja. Bibi akavuta pumzi, akaita tena.