Baiskeli, Nepia na Njia Moja

Kila alfajiri Zahra alikaanga mandazi nyumbani kwake Kiganjo, mjini Thika. Binti yake Muna aliyapanga katika kasha la mbao lililofungwa nyuma ya baiskeli, akalifunika kwa kitambaa kizito. Kisha alivuka mto na kuyapeleka kwenye vibanda vya chai karibu na kiwanda cha nguo. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi waliyapenda yakiwa moto. Yakipoa, walimwambia arudi nayo.

Baiskeli ya Muna haikuwa kama zile nyeusi za wauza maziwa. Ilikuwa na magurudumu mapana yenye meno, na gia nyingi. Vijana waliiita maunten, kwa sababu ilitengenezwa kupanda milima. Mjomba wake Tahir aliinunua Nairobi ikiwa imeshatumika. Mwaka ule wa 1996 baiskeli za namna hiyo zilikuwa chache Thika, na watu walizitazama sana.

Kati ya nyumba za Kiganjo na mto palikuwa na ardhi ya wazi iliyoitwa Kiwanja cha Mtoni. Hapakuwa na ua wala lango. Watoto walicheza mpira hapo na kina mama walikata majani ya ng'ombe. Njia moja nyembamba iliteremka hadi kwenye daraja la miguu. Muna aliipita kila siku akienda kazini. Jumapili jioni aliipita tena kwa mchezo, yeye na rafiki yake Ciku na vijana wengine wenye maunten. Walishuka mbio, wakapanda wakihema, wakashuka tena.

Asubuhi moja ya Januari, Muna alikuwa akiteremka na mzigo wake wa mandazi. Mbele yake alikuwa Cucu Wakonyo, bibi mzee wa jirani, amebeba mgongoni nepia, yale majani marefu ya ng'ombe. Mzigo ulishikwa na kamba iliyopita kwenye paji la uso wake. Muna alipiga kengele. Alidhani bibi atabaki kushoto, naye apite kulia. Lakini Cucu Wakonyo alihamia kulia, mbele kabisa ya gurudumu.

Muna alifinya breki. Gurudumu liliteleza kwenye changarawe, baiskeli ikaugonga mzigo wa nepia, na wote wawili wakaanguka. Mandazi yalitawanyika vumbini. Cucu Wakonyo aliketi akishika mkono wake. Kiwiko kilikuwa kimeteguka.

Habari ilifika kila nyumba kabla ya chakula cha mchana. Jioni wakazi walikusanyika. Mwenyekiti wao, Mzee Karanja, alikuwa na watoto wadogo waliopita njia ile kwenda shule.

"Leo ni kiwiko," alisema. "Kesho tutamzika mtu."

Hakuna aliyempinga. Wakachimbia nguzo katikati ya njia na kuweka matawi ya miiba pande zote. Kwenye ubao waliandika: BAISKELI HAPANA.

Sasa Muna alilazimika kuzunguka kwa barabara kuu, pamoja na malori. Alichelewa na mandazi yalipoa. Siku moja lori lilimbana hadi akaingia mtaroni. Alirudi nyumbani goti likivuja damu.

Zahra aliliosha goti na kulifunga. Baadaye akasema, "Afadhali tuache hii biashara kuliko nikupoteze."

Ciku alikuja kumwona. "Sasa Muna. Hizo nguzo tuzing'oe tu. Kiwanja si cha Karanja."

"Watachimbia zingine," Muna akasema. "Lakini Ciku, kuna kitu sielewi. Nilipiga kengele. Alinisikia, kwa sababu alihama. Kwa nini alikuja upande wangu?"

"Pengine alichanganyikiwa. Ni mzee."

"Pengine. Lakini sijui."

Zahra aliinua macho. "Kama hujui, nenda umuulize. Lakini mpe pole kwanza. Na usiende mikono mitupu."

Muna alienda na sukari. Alimkuta Cucu Wakonyo amekaa nje, mkono umefungwa kitambaa. Alimpa pole na kumwomba msamaha. Bibi aliipokea sukari, akamtazama.

"Una neno lingine. Sema."

"Cucu, naomba kuuliza, si kwa kukulaumu. Nilipiga kengele. Mbona ulikuja kulia?"

Bibi hakukasirika. Alifikiri kidogo. "Hata mimi sijui nilienda wapi. Nilisikia tu kitu kinalia. Wewe umewahi kubeba nepia?"

"Hapana, Cucu."

"Basi ng'ombe wangu hawajala. Mkono wangu hauwezi. Ukinibebea, utajua mwenyewe."

Kesho yake Muna alienda kiwanjani na Ciku, aliyekuwa akisukuma baiskeli yake. Cucu Wakonyo aliwafuata akiwa na fimbo. Muna alikata nepia, akafunga mzigo, akapitisha kamba kwenye paji la uso. Shingo ilikaza mara moja. Majani marefu yalining'inia pande zote za kichwa. Aliweza kuona miguu yake tu na kipande kidogo cha njia. Alipotembea, majani yalichakarisha masikioni kama mvua juu ya mabati.

"Ciku, njoo nyuma yangu polepole," alisema. "Piga kengele, lakini usiniambie unapita wapi."

Ciku alifanya hivyo. Muna alisikia kengele, lakini ilikuwa kama inalia kila upande. Alitaka kugeuka atazame. Shingo ilikataa. Mwili ukaamua peke yake, akaruka pembeni.

Breki zililia. "Muna," Ciku akasema, "umekuja upande wangu."

Muna alitua mzigo. Cucu Wakonyo alikuwa anacheka kimya kimya. Kisha naye akauliza, "Na wewe je? Mbona hukusimama? Nilidhani hiyo kitu husimama ukitaka."

Muna akamleta karibu na baiskeli ya Ciku. Alisukuma gurudumu la mbele juu ya changarawe ya mteremko, akamwambia bibi afinye breki kwa mkono wake mzima. Gurudumu liliacha kuzunguka, lakini baiskeli iliendelea kuteleza.

"Kumbe gurudumu husimama, na baiskeli haisimami," bibi alisema. Akafinya tena, akatazama. "Nilidhani mlikuwa na dharau tu." Akaachia breki. "Yuko mama mmoja wa manispaa, anaitwa Nelima. Alitusaidia sisi wa kikundi cha maji tulipogombania mfereji. Twende kwake."

Nelima alikuwa afisa wa maendeleo ya jamii. Aliwasikiliza, akauliza maswali mengi, kisha akaomba wakazi na waendesha baiskeli wakutane pale pale kiwanjani. Jumamosi walikuja watu wengi. Wengine walitaka kujua tu mambo yataishaje. Wenye baiskeli walisimama upande mmoja na wakazi upande mwingine.

"Ardhi hii ni ya nani?" Nelima aliuliza.

"Ni yetu wakazi," Mzee Karanja akajibu.

"Ni ya serikali," Ciku akasema.

"Ni ardhi ya umma," Nelima alieleza. "Manispaa inaitunza kwa niaba ya watu wote. Mama anayekata majani ana haki hapa. Mtoto wa shule ana haki. Anayeendesha baiskeli pia ana haki. Kwa hivyo kikundi kimoja hakiwezi kuifunga. Lakini pia hakuna mtu anayeruhusiwa kuitumia hadi wengine waiogope. Na niwaambie jambo moja. Ardhi ya umma ikikimbiwa na watu, hupata mwenyewe upesi. Mmeona viwanja vingapi vikiwekewa mawe ya mipaka na wanyakuzi?"

Watu walitazamana. Walikuwa wameona.

"Atiriri, sikiliza Madam," Mzee Karanja akasema, "mimi sichukii baiskeli. Lakini sizitaki hapa."

"Umeniambia usichotaka, mzee. Sasa niambie unachohitaji."

Karanja aliionyesha njia kwa kidole. "Nahitaji watoto wangu wafike shule bila kugongwa. Ni hayo tu."

"Na wewe, Muna?"

"Nahitaji kufika ng'ambo na mandazi yakiwa moto. Na bila kupita kwenye malori."

"Sisi wengine tunahitaji mteremko," Ciku akasema. "Kucheza. Siwezi kudanganya."

Watu walicheka, na hata Karanja akatabasamu. Lakini mwanamke mmoja alisema, "Magurudumu yenu yameharibu njia. Tazameni huo mtaro."

Ni kweli, katikati ya njia palikuwa na mtaro mrefu. Nelima aliomba mtungi wa maji. Aliyamwaga juu ya njia, na watu wakasogea kutazama. Maji yalifuata mtaro moja kwa moja hadi chini, yakibeba udongo mwekundu.

"Magurudumu huanza kazi, maji huimaliza," Nelima alisema. "Maji hupenda njia iliyonyooka. Yakipata mbio, huchimba. Sasa tazameni hapa."

Alichukua jembe akakwangua njia fupi iliyokata mteremko kwa ubavu, badala ya kushuka moja kwa moja. Upande wa chini aliuacha ulale kidogo. Akamwaga maji tena. Mara hii yalivuka njia, yakaingia kwenye nyasi na kutulia.

Mzee Karanja alichuchumaa. "Mwaga tena," akasema.

Alimwaga tena, na ikawa vile vile. Hapo pande mbili zilikuwa zimechanganyika, kwa sababu kila mtu alitaka kuona maji.

Mazungumzo yalichukua muda. Mwishowe walikubaliana kwamba waendesha baiskeli watachimba njia yao wenyewe, yenye kona, mbali na ile ya miguu. Michezo yote ya mbio itakuwa huko. Karibu na daraja hapakuwa na nafasi ya njia mbili, kwa hivyo hapo kila mtu atashuka na kusukuma. Popote mwenye baiskeli akikutana na mtembea kwa miguu, ni wa baiskeli atakayepisha. Na wakikutana wenye baiskeli wawili, anayeteremka atamngoja anayepanda.

"Na kengele?" Karanja akauliza.

"Kengele haitoshi," Muna akasema. Aliwaeleza jinsi alivyobeba nepia. "Ukisikia kengele, hujui inatoka wapi. Inafaa tupunguze mwendo tukiwa mbali na tuite kwa sauti: 'Napita kulia.' Halafu tungoje jibu. Asipojibu, tunashuka."

Cucu Wakonyo aliitikia kwa kichwa. "Na sisi tusiweke miiba tena. Wala mbuzi asifungwe akavusha kamba njiani."

"Mkivunja haya makubaliano?" Karanja aliwauliza vijana.

"Basi tutakaa tena hapa, na tutakubali kuondoka," Ciku akajibu.

Walikubaliana kujaribu hadi mvua za Aprili ziishe. Nelima aliwaonya wasichimbe kitu bila ruhusa. Alimleta mhandisi wa manispaa, naye aliupima mteremko, akahamisha kona moja mbali na mizizi ya mti, kisha akaruhusu.

Vijana walichimba Jumamosi kadhaa. Zahra alileta chai. Mzee Karanja alikuja kukagua, lakini hakuweza kukaa tu. Aliishia kubeba mawe na kuwafundisha namna ya kuyapanga yasiyumbe. Siku njia ilipokamilika, alizing'oa nguzo mwenyewe.

Haikuwa rahisi mara moja. Kijana mmoja aliteremka mbio kwenye njia ya miguu, na wenzake wakamzuia kuendesha hapo hadi mwisho wa mwezi. Mama mmoja alikuwa haitiki hata akiitwa, na Muna alishuka na kusukuma kila alipomkuta. Baada ya muda yule mama alianza kujibu, "Pita, mwanangu."

Muna aliyafikisha mandazi yakiwa bado na mvuke. Wenye vibanda walianza kumwagiza zaidi. Vijana wengine nao walianza kupita hapo alfajiri wakienda kazini, taa za baiskeli zikiwaka.

Kisha mvua zikaja. Zilinyesha kwa nguvu. Siku hizo Muna alisukuma baiskeli yake njia nzima, kwa sababu udongo ukiwa tope magurudumu huukata. Mvua zilipokwisha, watu walienda kiwanjani bila kuitwa. Kila mmoja alitaka kujua kama Nelima alisema kweli. Njia yenye kona ilikuwa imesimama. Sehemu moja tu ilimomonyoka, pale ambapo vijana walifanya haraka wakasahau kuulaza udongo upande wa chini. Waliirekebisha siku hiyo hiyo.

Nelima aliitisha mkutano wa mwisho. "Muda wa majaribio umekwisha," alisema. "Watembea kwa miguu waseme. Baiskeli zibaki au ziende?"

Kila mtu alimtazama Cucu Wakonyo. Yeye ndiye aliyeumia. Bibi alisimama, mkono wake ukiwa umepona.

"Mwezi wa kwanza nilitaka waende," alisema. "Lakini sisi tunaopita hapa alfajiri tulikuwa tunaogopa kile kichaka cha daraja. Kulikuwa na watu wabaya. Tulikuwa tunangojana ili tuvuke kwa kikundi. Siku hizi hawa watoto hupita asubuhi na taa zao, na wale watu hatuwaoni tena. Hata wasichana wa kiwandani wanavuka peke yao."

Alimgeukia Muna.

"Baiskeli zibaki. Lakini mimi nina ombi moja. Jumanne ulichelewa, nikakaa pale darajani nikikungoja nivuke na taa yako. Usichelewe tena."