Simu ya Msumarini

“Hebu nisomee hilo jina. Macho yangu leo siyaamini.”

“Mwiba, tuko mbele za watu.”

“Ndiyo maana nataka usome kwa sauti. Soma!”

Nadhifu akageuka kutazama nyuma. Kwenye ubao wa matangazo nje ya maabara ya kompyuta, darasa zima la mwaka wa pili lilikuwa limesongamana likijifanya linatafuta ratiba. Kazi moja imechaguliwa kati ya arobaini na mbili: kanzidata, yaani daftari la kompyuta, ya kuandikisha wajawazito wa zahanati. Kesho Ijumaa, saa nne asubuhi, itajaribiwa kwenye zahanati yenyewe mbele ya mkunga mkuu. Ikifaa, itatumika. Na chini kabisa jina la aliyeibuni, jina la Nadhifu, limekaa peke yake kama bwana harusi aliyemsahau bibi harusi njiani.

“Nilikupa neno langu la siri,” Mwiba alisema. “Nilikuwa na mguu mmoja ndani ya basi, nakwenda kumuuguza dada. Nikakwambia, niwasilishie kazi yangu. Nilikwambia hivyo au sikukwambia?”

“Ulisema.”

“Halafu?”

“Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Wewe hupatikani, siku ya mwisho imefika... Nikasema bora apate mmoja wetu kuliko tukose wote. Mshindi anapewa nafasi ya msaidizi wa maabara, na nafasi ni moja, mpenzi. Nikiipata mimi ni kama umeipata wewe.”

“Kwa hiyo wewe ukila, mimi ndiyo nimeshiba?”

Nyuma yao mtu akaguna, “Hapo umekabwa, kaka,” na watu wakacheka. Nadhifu akarekebisha kola ya shati lake. Hilo shati! Jeupe, mikunjo imesimama kama kisu. Ndilo lililompa jina chuoni. Mama yake alikuwa dobi, na kuna watu wakishavaa shati lililopigwa pasi husahau kabisa ule mkono uliokuwa unaungua.

Mwiba naye hakuitwa Mwiba bure. Mambo alikuwa hayasahau. Miaka minne nyuma, kwenye zahanati hiyo hiyo, dada yake alipewa kadi ya mwanamke mwingine aliyefanana naye jina. Akaandaliwa damu ya mwenzie. Ni mkunga mmoja mzee aliyeuliza mara ya pili, na kuuliza kule ndiko kulikomwokoa. Karani aliyechanganya kadi alisema neno moja tu: “Bahati mbaya.” Mwiba alikumbuka mpaka rangi ya kalamu ya karani huyo, kijani, iliyotafunwa kwenye kifuniko. Kwa ajili ya kalamu ile ndiyo alikuja kusoma kanzidata. Kwa ajili yake alikaa miezi mitatu kwenye benchi la zahanati akiuliza akina mama maswali, huku wenzake wakinakili mifano ya vitabuni.

Sasa akasogea karibu na mchoro wa kazi uliobandikwa chini ya tangazo. Akautazama, akautazama tena.

“Umebadilisha ufunguo.”

“Nini?”

“Ufunguo wa jedwali la akina mama. Mimi niliweka namba ya zahanati. Hapa umeandika namba ya simu.”

Ufunguo ndilo somo la kwanza kabisa: kile kitu kimoja kinachomtenga mtu na watu wote duniani, kisichorudiwa. Ukiukosea huo, hata upambe vipi juu yake, umejenga choo bila shimo.

“Ni safi zaidi,” Nadhifu alisema, akifurahi kuona mazungumzo yamehama kutoka kwenye wizi. “Kwa nini tumpe mtu namba mpya ya kukariri? Siku hizi kila mtu ana simu.”

“Kila mtu?”

“Kila mtu.”

Mwiba akageuka akaenda zake, na darasa likamfungulia njia.

* * *

Mhadhiri wao walimwita Bibi Jedwali. Alikuwa mama mfupi, miwani kifuani, vumbi la chaki kwenye mikono ya koti, asiyependa machozi ofisini mwake.

“Yeye anasema ni yake. Wewe unasema ni yako. Nyote mmetumia akaunti moja, kwa sababu wewe mwenyewe uligawa neno la siri kama pipi. Nihukumu kwa lipi?”

“Mwalimu, mimi sililii nafasi. Kile alichobadilisha kitaumiza watu.”

“Kwa vipi?”

Kwa Mwiba, kusema kungekuwa kuivua nguo nyumba ya akina Nadhifu, nyumba alimokula na kuitwa mwana.

“Rasimu yako unayo?”

“Ninayo.”

“Kesho ije na wewe. Nitamuuliza swali moja tu. Aliyezaa mtoto anajua alivyolia siku ya kwanza.”

Jioni ile Mwiba hakukalika. Aliosha kikombe, akakifuta, akakiosha tena. Alitoka hadi getini, akarudi. Akashika simu, akaandika:

“Kumbuka msumari wa dirishani kwenu. Rudisha ufunguo wangu. Jina baki nalo, ufunguo tu.”

Jibu likaja upesi:

“Acha mafumbo mpenzi. Kesho nimemwalika mama, na dada na shemeji wana kliniki siku hiyo hiyo, nao watakuwepo. Usiniaibishe.”

Msumari ule aliujua vizuri. Nyumbani kwa Nadhifu kulikuwa na simu moja. Ilikaa ndani ya mfuko wa kitambaa, imetundikwa kwenye msumari wa dirisha la jikoni, kwa sababu hapo tu ndipo mtandao uliposhika. Ilikuwa ya mama, ya dada mkubwa, ya mke wa kaka, ya kila aliyepita. Ndiyo maana kila ujumbe uliotoka kwao ulianza kwa kujitaja. “Huyu ni mama, umekula?” “Huyu ni wifi yako, nina habari ya mjini.” Mwiba aliupenda ule mtindo kuliko barua zote za mapenzi.

Akapiga.

“Haloo, huyu ni wifi yako!” Ilikuwa sauti ya dada yake Nadhifu. “Mbona unahema? Unakimbizwa?”

“Wifi, kesho mtakwenda?”

“Tutakosaje! Mama ametoa gauni la sherehe. Anasema mwanawe anazindua mashine. Vipi, mmegombana?”

“Nani amesema?”

“Wewe. Hukuuliza habari ya tumbo langu.”

Mwiba akacheka, na kicheko kikaelekea kilio. “Wifi... kesho wakikuuliza namba ya simu, sema ukweli.”

“Kwani namba inadanganywaje?”

* * *

Saa nne ya Ijumaa ukumbi wa zahanati ulinuka dawa ya sakafu. Akina mama walijaa kwenye mabenchi, kadi mikononi. Mbele, projekta ilimulika ukuta ambapo mtu alikuwa ametoa bango la chanjo dakika tano zilizopita. Nadhifu alisimama, shati lake likimetameta. Mama yake alikaa mstari wa kwanza, magoti yamebana, uso umewaka. Alipomwona Mwiba mlangoni akampungia.

“Mkwe wangu! Njoo ukae hapa, umwone mwenzio.”

Mwiba akakaa pale. Hakuwa na pa kwenda.

Nadhifu alisema vizuri. Kusema alikuwa anajua, Mungu alimpa. Alisema foleni zitakwisha, kadi hazitapotea. Akina mama wakapiga makofi. Mkunga mkuu, mama mrefu asiyetabasamu kabla ya saa sita, akanyoosha mkono.

“Maneno tumeyasikia. Tuandikishe watu wawili hapa hapa.”

“Dada yangu yupo, tuanze naye,” Nadhifu akasema kwa fahari.

Dada akainuka, tumbo likitangulia. Jina, umri, kundi la damu: O. Namba ya simu. Akaitaja. Mstari ukatokea ukutani kwa herufi kubwa, na mama akapiga kigelegele.

“Wa pili?”

“Na mimi!” Mke wa kaka alikuwa keshasimama. Jina, umri, kundi la damu: B.

“Namba ya simu, shemeji?”

“Si hiyo hiyo uliyoandika?”

Kidole cha Nadhifu kikaning'inia juu ya kibonyezo. Hapo ndipo alipokumbuka. Mwiba aliona mgongo wake ukikumbuka: lile shati lilikunjamana mabegani kwa mara ya kwanza.

“Huna... namba nyingine?”

“Niitoe wapi? Kwani wewe umehama kwetu?”

Ukumbi ukacheka. Mkunga hakucheka. “Andika, kijana. Mimi kila siku napata akina mama watano wa namba moja.”

Akabonyeza. Alikuwa ameiagiza mashine hivi: ikiona namba inayoijua, ijue mtu yule yule amerudi, ibadilishe taarifa zake. Mashine ikatii. Ukutani jina la dada likafutika, likakaa jina la wifi yake. O ikawa B. Mstari ukabaki mmoja.

Dada akauangalia ukuta. Akaliangalia tumbo lake.

“Na mimi nimekwenda wapi?”

Mwiba alikuwa akiona kalamu ya kijani.

Bibi Jedwali akasimama kutoka kona yake. “Swali langu ni moja. Kwa nini ulichagua namba ya simu?”

“Kwa sababu...” Sauti ya Nadhifu ilikuwa imeshuka chini ya meza. “Kwa sababu kila mtu ana yake.”

Mama yake hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali:

“Mwanangu, yangu mimi iko wapi?”

Wasomi wanaweza kukuzomea ukavumilia. Lile swali Nadhifu hakulivumilia. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

“Si kazi yangu,” akasema. “Mwalimu, mkunga, mama... si kazi yangu. Ni ya yule pale. Alikaa kwenye mabenchi haya miezi mitatu. Yeye aliweka namba ya zahanati, mimi nikaibadilisha ili nionekane nami nimefikiri. Jana alinionya. Nikamwambia aache mafumbo.”

Mama akageuka taratibu kumtazama Mwiba. “Ulijua, na ulikaa karibu na mimi?”

“Uliniita, mama.”

Mama aliushika mkono wa Mwiba akauweka pajani pake, akaukaza kwa ule mkono wake wa dobi, mgumu kama ubao.

“Rasimu,” Bibi Jedwali akasema.

Mwiba alikwenda mbele, akachomeka kompyuta yake. Akampa dada yake Nadhifu namba ya kwanza ya zahanati, akaiandika kwenye kadi yake kwa kalamu nyeusi. Akampa wifi namba ya pili. Namba ya simu akaiweka pembeni, kwenye jedwali lake, ambako hata watu kumi wangeichangia bila kumezana. Mistari miwili ikakaa ukutani. O, na B.

“Sasa mpo wawili,” mkunga akasema. Na saa sita ilikuwa bado, lakini akatabasamu. “Hii naichukua.”

Nadhifu akapita katikati ya mabenchi kuelekea mlangoni. Bibi Jedwali akamwita.

“Jumatatu, saa mbili, ofisini kwangu.”

“Somo nitalirudia?”

“Utalirudia. Utaanzia ukurasa wa kwanza.”

* * *

Jua lilikuwa halijatua simu ya Mwiba ilipolia. Ujumbe, kutoka kwenye msumari.

“Huyu ni mama. Shati lake amelifua mwenyewe leo. Mimi sikusemei, wala simsemei. Umekula?”

“Nimekula mama,” akajibu, na alikuwa hajala.

Ukaja wa pili. “Huyu ni wifi yako. Yule mtu amesimama dirishani saa nzima anashika simu anaiacha. Ananichosha, mimi nina mimba.”

Mwiba akatabasamu bila kupenda. Akazunguka chumba. Akafungua dirisha, akalifunga. Ukaja wa tatu.

“Ni mimi.”

Aliusoma mara nyingi. Vidole vilitaka kukimbia, akavizuia.

“Mimi nani?” akaandika.

Alimwona kabisa kwa mawazo yake, amesimama jikoni, mama yake upande mmoja na dada upande mwingine, wote wakijifanya hawaangalii. Dakika zikaenda, mpaka akaiweka simu mezani na kuipa mgongo.

Ikalia.

“Ni mimi niliyechukua kazi yako nikaweka jina langu. Mimi niliyemsahau mama yangu mbele ya watu. Mimi mtoto wa dobi, wa nyumba ya simu moja. Sikuombi unisamehe leo. Nimetaka tu ujue anayeandika ni nani.”

Mwiba aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi makalio yake yaguse kiti yakatulia.

Hakumwita mpenzi. Hakumwita Nadhifu. Aliandika:

“Sasa nimekutambua. Jumatatu ukitoka kwa mwalimu, njoo zahanati. Benchi la nyuma, kaa na akina mama, uulize, usikilize. Neno langu la siri nimelibadilisha.”

Akatuma. Kisha akashika kikombe kile kile cha jana, safari hii akamimina chai.