Mita Arobaini na Sita za Mwamba

Daraja la magogo lilikatika gari likiwa katikati. Pua ilitangulia, kioo kikapasuka, maji ya kahawia yakawafika shingoni. Mpimaji alimburuta shemeji yake kupitia dirishani, na walipofika ukingoni ndipo alipoona mfupa umetokeza chini ya goti. Redio ilikwenda na mto. Walibaki na panga, chupa mbili za maji na ramani iliyofunikwa plastiki.

Ramani ilikuwa ya mwenzao wa tatu, Daktari, mkuu wa msafara wa kupima miti. Udaktari wake ulikuwa wa shahada. Shemeji, dereva ambaye kazini walimwita Breki kwa kuendesha polepole, alimtazama akihangaika na leso, akauliza kwa meno yaliyokazwa, "Udaktari gani huu usiojua kufunga kidonda?" Mpimaji akamfunga mwenyewe, kwa fito mbili na mikono ya shati lake.

Utaratibu wa ofisi waliujua: timu ikikaa kimya siku mbili, asubuhi ya tatu ndege ndogo hutumwa kuitafuta. Lakini chini ya majani yale rubani asingeona hata nyumba inayoungua. Walihitaji mahali peupe kabla ya asubuhi hiyo, la sivyo mguu ungeoza na kumchukua Breki mzima.

Daktari aliweka kidole kwenye ramani. Kilomita mbili mashariki, urefu wa miti mita nne. Vichaka, alisema. Mpimaji alimwambia haiamini hiyo nne. Akajibiwa kwamba setilaiti haibahatishi.

Jibu hilo alikuwa amelisikia miaka sita nyuma, siku ya Jumanne, kwenye chumba chenye meza ya kioo. Alikuwa amezunguka msitu miezi minane kwa miguu, akapima miti kwa kamba na kipimapembe, akaleta fomu arobaini na moja zisizolingana na ramani. Waliocheka aliwakumbuka mmoja mmoja, na viti walivyokalia. Cheti hana, waliambiana na yeye akisikia.

Walimbeba Breki kwa machela ya fito na koti. Kilomita mbili zilikula siku nzima na asubuhi iliyofuata. Matope yaliwafika magotini, miiba ilichana mikono, maji yakabaki nusu chupa. Walipofika kwenye mita nne, adhuhuri ilikuwa na giza. Mashina yalikuwa mapana kama vyumba, majani yamefungamana tabaka juu ya tabaka. Mpimaji alipima kwa jicho: hamsini, pengine zaidi.

"Vichaka vyako hivi," alisema. "Chagua kimoja tumzike shemeji yangu."

Daktari aliketi kwenye mzizi. Alieleza polepole, kama anayetapika. Leza ya setilaiti hugonga majani ya juu, kisha ardhi. Tofauti ya miangwi miwili ndiyo urefu wa mti. Hapa mwanga haukufika chini. Kompyuta ilidhani majani ya katikati ndiyo ardhi.

"Nilikuandikia hivyo," alisema Mpimaji.

"Ulituandikia. Nilizitupa stoo mimi fomu zako. Ramani ilikuwa inasubiriwa."

Mikono ya Mpimaji ilitaka kumkaba. Breki alikohoa kwenye machela, na harufu ya mguu ikawafikia wote wawili. Mpimaji akaimeza hasira ikiwa nzima.

"Kwenye miteremko mikali niliandika nini?"

"Sifuri. Ramani ilisema arobaini na kitu. Niliandika pembeni: mpimaji mzembe."

"Kwa hiyo kwenye mteremko inahesabu mlima kuwa mti. Nitafutie mti mrefu kuliko yote, mahali pakali kuliko pote."

Alimtafutia: mita arobaini na sita, kilomita moja kaskazini. Walipanda mchana wote, wakalala wameegemea mashina, wakaanza tena kulipopambazuka. Breki aliacha kutania, na hilo liliwatisha kuliko harufu. Ghafla miti ikaisha. Mbele yao uliinama mwamba mtupu, bila hata unyasi, na jua lote juu yake.

Ndege ilipovuma, Daktari aliinua ramani, plastiki ikamulika. Ndiyo faida pekee ramani ile iliyowapa bila kusomwa kinyume. Rubani aliyumbisha mabawa.

Mguu wa Breki ulikatwa juu ya goti. Taarifa ya ofisi ilisema ajali ya barabarani, kwa mistari mitatu.

Miezi miwili baadaye, kwenye meza ile ile ya kioo, Daktari aliweka kabrasha lililotolewa stoo. Breki alikuwa ameketi mbele, magongo mapajani. Mkurugenzi aliangalia saa. Daktari akaanza kusoma fomu ya kwanza: mahali, mteremko, urefu sifuri. Akageuza ukurasa.

"Bado," alisema Mpimaji, ameegemea mlango uliofungwa. "Soma na ulichoandika pembeni."

Akasoma. Zilikuwa zimebaki arobaini, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka.