Mkoba Uliolegea Kiunoni mwa Helka

Wasomaji wangu, klabu yetu ya kulenga shabaha ina uwanja ndani ya shimo la zamani la kokoto, katikati ya misonobari ya Savo, huko Ufini. Jumamosi ile ya mwezi wa tano kulikuwa shwari. Wengine walikuwa wakinywa kahawa kwenye vikombe vya chupa za themosi, wengine wakibandika karatasi juu ya matundu ya shabaha za kadibodi. Mikate mitamu ya iliki ilipita mkono kwa mkono.

Kisha gari la Tarmo likaingia, na kabla mlango haujafunguka vizuri tukasikia sauti yake.

"Shuka basi! Au nikubebe mgongoni?"

Aliyekuwa akiambiwa hivyo ni mkewe, Helka, msaidizi wa daktari wa meno, mwanamke wa maneno machache. Tarmo alikuwa mwalimu wa wanaoanza katika klabu yetu. Helka alikuwa amemaliza mafunzo ya usalama, na siku hiyo alikuwa na mtihani wa mwisho: kukimbia kutoka kituo hadi kituo na kupiga shabaha kumi, saa ikihesabu. Akifaulu angeruhusiwa kushindana. Aliniambia mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna kitu maishani alichokitaka kiasi hicho.

"Tarmo," alisema akishika kiuno, "huu mkoba unacheza. Nilikwambia tangu juzi. Skrubu imelegea."

Ulikuwa mkoba wa zamani wa Tarmo, wa kuwekea bastola.

"Mkoba hauna kosa. Kiuno chako ndicho kibaya."

"Nipe bisibisi nikaze mwenyewe."

"Bisibisi! Hata kofia yako ya baiskeli hujui kuifunga." Akatugeukia. "Jamani, leo mjifiche nyuma ya magari. Mama huyu atatupiga sisi, kadibodi zibaki salama!"

Tulicheka. Nakiri mbele yenu, na mimi nilicheka, ingawa nilikuwa na bisibisi kwenye sanduku langu, hatua tano kutoka aliposimama.

Msimamizi wa mtihani alikuwa Bi Oili, mama wa miaka sitini na mitano asiyependa utani uwanjani. Alimwamuru Helka aweke risasi. Helka akaweka, akairudisha bastola kwenye mkoba, akainua mikono.

Saa ikalia. Helka alipiga hatua mbili tu. Mkoba ukapinduka kiunoni, bastola ikachomoka na kuanguka kwenye kokoto.

Anayeanza mchezo huu hufundishwa siku ya kwanza kwamba bastola ikianguka, iachwe. Asiidake wala asiiokote. Asimame, na msimamizi peke yake ndiye ataiinua. Ni jambo gumu, kwa maana mkono wa mtu hukimbilia kitu kinachoanguka kabla hajafikiri. Wanaume wazima wenye miaka mingi uwanjani wameshindwa hapo.

Helka alisimama. Mikono yake haikushuka.

"Simama hapo hapo," alisema Bi Oili. "Mtihani umeishia hapo, dada. Utarudia mwezi wa nane. Lakini umefanya vizuri sana kutoigusa."

"Vizuri?" Tarmo alipiga kelele. "Ananiaibisha mbele ya klabu nzima halafu unamwambia vizuri?"

"Rudi nyuma, Tarmo."

"Mimi ndiye mwalimu hapa!"

Akampita Bi Oili, akainama, akaiokota bastola ile, risasi ikiwa tayari ndani ya mtutu. Kwa hasira akageuka nayo kumwonyesha mkewe. "Ona! Kitu kidogo hiki kinakushinda nini?"

Mdomo wa bastola ulitupitia sote tuliokuwa nyuma. Nikaona kidole chake kimeshaingia kwenye kifyatulio. Mlio ukapasua hewa, na kokoto zikaruka mbele ya kiatu cha Helka. Kipande kimoja kilimchana shavu.

Hakulia. Aliifuta damu, akaitazama kwenye vidole.

"Miaka kumi na nane ya ndoa nimekuwa nikiamini mimi ndiye nisiyejua," alisema.

Bi Oili aliichukua bastola kutoka mkononi mwa Tarmo, ambaye sasa alikuwa mweupe kama karatasi, akaitoa risasi, kisha akapiga simu. Polisi walikuja wakachukua silaha zote za Tarmo, hadi zile za kuwindia. Klabu ilimfukuza. Helka alihamia kwa dada yake wiki hiyo hiyo, na mwezi wa nane akarudia mtihani, akafaulu. Tarmo hajui, kwa sababu hakuna anayezungumza naye tena.

Funzo

Anayeanza jambo haombi mengi. Huomba asikilizwe anaposema kitu kimelegea. Mume anayemdhalilisha mkewe mbele za watu hawezi kumfundisha chochote, na siku moja hasira yake itamgeuza hatari kwa kila aliye karibu. Lakini wenzangu, lawama si yake peke yake. Tarmo alitania kwa sababu tulimpa kicheko. Mkisikia mtu akitukanwa hivyo, iwe uwanjani au kwenye meza ya jirani, msicheke. Simameni mkamsaidie, hata kama sauti zenu ni ndogo kama yangu.