Nafasi ya Mtu wa Nne

Mama alimwita mtoto wake, na mtoto akageukia upande mwingine.

Ilikuwa alasiri, jua limeingia dirishani mpaka kwenye mkeka. Mtoto, ambaye kwa mashavu yake wote walimwita Kibonge, alikuwa amekaa akitafuna kijiko cha plastiki. Mama yake alikuwa nyuma yake, anakunja nepi. "Kibonge," aliita. Mtoto akainua kichwa, akautazama mlango uliofungwa wa chumba cha kazi, akacheka kile kicheko ambacho alikuwa akimchekea mtu mmoja tu duniani, mama yake.

Mama akaita tena. Mtoto akamgeukia, midomo ikaanza kutetemeka, akaangua kilio kama mtoto aliyebebwa na mgeni.

Chumba kile kilikuwa cha mumewe, fundi wa redio. Hata mkewe alimwita Fundi. Riziki yake ilikuwa spika na redio za watu, lakini mapenzi yake yalikuwa kaseti za bendi zilizosahaulika: vijana waliokuja baada ya panki, ule muziki wa fujo, waliochoka kupiga kelele wakaanza majaribio, ngoma wakaipiga kwenye beseni, gitaa wakalikwaruza kwa kijiko, na besi ikatembea mbele kama mwenye nyumba. Alizisafisha, akaziingiza kwenye kompyuta, kisha akawaeleza wasikilizaji wake wa mtandaoni habari zake.

"Kaka, hawa wanapiga muziki au wanahama nyumba?" dada yake, wifi wa Mama Kibonge, alipenda kuuliza.

Mama Kibonge hakucheka. Yeye alikuwa mtu wa haya, wa maneno machache, na Fundi alimchumbia kwa kaseti hizo. Alimpa kisikilizio kimoja sikioni, kingine akavaa yeye, akamnong'oneza, "Isikilize besi. Gitaa ni muongo." Hakuna mtu aliyewahi kumwona anastahili kuelezwa jambo kama hilo. Alijifunza kusafisha vichwa vya mashine kwa pamba, na vitufe viwili vinavyobonyezwa pamoja ili kurekodi. Alijifunza pia kwamba juu ya kaseti kuna vijipande viwili vya plastiki. Ukivivunja, hakuna awezaye kurekodi tena juu ya kazi yako, labda azibe matundu.

Kisha Fundi akapata kaseti isiyo na jina, kwenye vitu vya mtangazaji aliyefariki. Picha ya kwenye kasha lake ilionyesha watu watatu wamesimama nyuma ya maikrofoni nne. Katikati ya kila wimbo vyombo vyote vilinyamaza, ukabaki mvumo wa mkanda peke yake, kisha wakaendelea.

"Hapo pana mtu," Fundi alisema, macho yakimng'aa.

"Nani?"

"Sijui. Wamemwachia nafasi."

Vijipande vya kaseti hiyo vilikuwa vimevunjwa, tena kwa hasira, kama kwa meno.

Tangu hapo Fundi alifunga mlango akiwa kazini. Sauti ya mkewe ikaanza kukwaruza, ikapungua, ikawa kama inatoka chini ya godoro. Fundi akasema ni mafua. Lakini mafua hayamfanyi mtoto amkimbie mama yake. Kibonge alinyonya akiwa amefumba macho, na mama akisema neno tu, aliachia titi na kulia. Alitulia akiwekwa karibu na ule mlango.

Wifi alipokuja kumtembelea alicheka. "Wifi yangu, umemeza chura? Na ulivyo mkimya, sasa ndiyo tutakuwa tunaongea kwa mikono!"

Mama Kibonge alijaribu kutabasamu. Walikuwa wamekaa jikoni wakimenya viazi, Fundi ametoka kupeleka spika ya mteja, mtoto amelala mgongoni kwa shangazi yake.

"Wifi," sauti ikaita kutoka chumba cha kazi, laini, ya haya, "njoo unishikie mtoto kidogo."

Wifi akajibu, "Nakuja," akanyanyuka nusu, kisha akabaki hivyo hivyo, kiazi mkononi, akimtazama Mama Kibonge aliyekuwa mbele yake na midomo iliyofungwa.

"Nani yumo humo?" alinong'ona.

Mama Kibonge alitikisa kichwa.

Waliusukuma mlango pamoja. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha, nzito, ya moto, kama kifua cha mtu kimekukaribia usoni, na juu ya meza mashine ya kaseti ilikuwa inazunguka taratibu, waya wake wa umeme umekunjwa vizuri pembeni bila kuchomekwa popote, na ndani ya magitaa yale yanayokwaruza, mahali ambapo palikuwa na ukimya, mwanamke alikuwa anambembeleza mtoto: Lala Kibonge, mama yupo, mlango nimefunga. Ulikuwa wimbo alioutunga Mama Kibonge mwenyewe. Alikuwa hajawahi kuuimba mbele ya mtu mwingine. Kwenye mgongo wa shangazi yake, mtoto akacheka.

Wifi alikwenda kumleta mganga, mwanamke mnene aliyefika akihema na kulalamikia magoti yake. Fundi aliwakuta wamejaa chumbani kwake.

"Nini hiki? Mnagusa vitu vyangu?"

"Kaa, baba," mganga alisema. Aliinamia mashine kama anayemhoji mgonjwa. "Wewe uliyemo humu. Kwa nini umeiba sauti ya mama wa watu?"

Mvumo ukakatika. Jibu likaja kwa sauti ya Mama Kibonge, bila haraka.

"Sikuiba. Nilipewa."

Mama Kibonge alimtazama mumewe, na mumewe akaitazama sakafu. Ndipo Mama Kibonge akafungua mashine, akaitoa kaseti. Matundu mawili ya juu yalikuwa yamezibwa kwa plasta. Plasta ya mtoto, yenye picha za sungura, kutoka kwenye droo yake mwenyewe.

"Ulijua?" alimuuliza. Ilitoka pumzi tu, lakini Fundi alisikia.

"Lilisema linaazima tu."

"Litaiachia hii likipata nyingine," mganga alisema. "Wewe ndiye uliyetoa, baba. Sogea hapa. Useme."

Fundi alisogea mpaka kwenye maikrofoni ya mashine, akafungua kinywa, akakifunga. Mama Kibonge alirudisha kaseti mahali pake, akangoja. Alikuwa bado anamngoja kwa moyo wote, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Fundi akarudi nyuma.

"Mke wangu, nielewe," alianza, kwa ile sauti nzuri ya kuwaelezea watu muziki. "Watu wananisikiliza. Bila sauti mimi ni nani? Bendi hii hakuna anayeijua, hakuna, na sasa imekamilika, na ni wewe umeikamilisha. Ungeweza kufurahi. Na wewe... wewe kusema kwako ni kudogo. Siku nzima maneno mangapi? Wewe ni mtu wa kimya. Nilijua hutapungukiwa sana."

Aliendelea. Hakuona mkono wa mkewe ukipita mezani, vidole viwili vikatua juu ya vitufe viwili, vikabonyeza pamoja. Wifi aliona. Alimtazama kaka yake, akamtazama Kibonge, ambaye sasa alimpakata kiunoni, akamhamishia upande wa pili. Mganga alikuwa ameinama anafunga mfuko wake.

Fundi alikuwa anasema "kwa ajili yetu sote" neno lilipokatika. Midomo iliendelea kwenda. Kilichotoka ni mvumo wa mkanda.

"Kibonge," Mama akaita.

Sauti ilikuwa yake, nzima, na mtoto akamgeukia, akanyoosha mikono yote miwili.

Mganga aliichoma kaseti uani mpaka ikawa tone jeusi. Mama Kibonge akahamia chumba kimoja kwa wifi yake, na akahakikisha hakiingii redio wala spika. Jioni ya kwanza alimlaza mtoto mapajani, akasukuma komeo, akaanza kuimba taratibu.

Lala Kibonge, mama yupo.

Akanyamaza. Hakukusudia kunyamaza, koo lilisimama lenyewe, kama limeona ishara, na ukimya ule aliutambua, urefu wake, mvumo wake, ile nafasi iliyoachwa makusudi kwa ajili ya mtu, na alipokuwa anahangaika kuvuta pumzi aizibe nafasi hiyo haraka kwa sauti yake kabla haijajazwa, harufu ya maziwa yaliyochacha ikapita usoni pake, na sauti nzuri ya mwanamume, ile iliyomnong'oneza zamani habari za besi, ikamalizia karibu kabisa na sikio lake:

"Mlango nimefungua."

Mtoto akageukia upande wa mlango, akacheka.