Wimbo wa Bibi Ndani ya Diski

Mtaani kote fundi cherehani mmoja aliitwa Tone. Mlango ukilia, alitia tone la mafuta. Mkasi ukigoma, tone la mafuta. "Kila kinachopiga kelele kina kiu," alisema. Mkewe alimcheka kila siku, na alimpenda hivyo hivyo.

Kwenye kona ya chumba cha kushonea palikuwa na kompyuta. Humo mke alitunza sauti ya marehemu mama yake, aliyerekodiwa akimlaza mjukuu wake wa mwisho. Wimbo ule mama aliutunga mwenyewe. Hakuna mwingine aliyeushika wote.

Sasa binti yao, aliyeolewa mbali, alikuwa amejifungua. Alipiga simu asubuhi. "Mama, nitumie wimbo wa bibi. Nataka mwanangu alale nao kama nilivyolala mimi."

Mke akawasha kompyuta. Ikajivuta, ikalia ndani: ka, ka, ka. Kisha ikaganda. Akaizima, akaiwasha tena. Ka, ka, ka.

"Ina kiu hiyo," alisema Tone. Tayari alikuwa ameshika bisibisi mkono mmoja, kichupa cha mafuta mkono wa pili.

"Mume wangu, weka hicho kichupa chini! Hii si cherehani!"

"Tone moja tu."

"Hata nusu!"

Mke akaizima, akachomoa waya ukutani. Akaenda kumwita jirani yao, mwanamke fundi wa kompyuta. Jirani alipoona kile kichupa, alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Shemeji, ungetia mafuta, leo tungezika!"

Kisha akaeleza polepole. "Ndani kuna diski. Mafaili yote hukaa humo. Diski hii ina kisahani kinachozunguka, na kijimkono kinachosoma. Mlio mliousikia ni dalili kwamba inakufa. Kila mkiiwasha, mnaimaliza. Msiiwashewashe, msiipige, msiifungue. Dada, umefanya vyema kuizima."

"Lakini mama yangu yumo humo," alisema mke.

"Nitajaribu. Siahidi."

Jirani akaichomoa diski, akaiunga kwenye kompyuta yake aliyokuja nayo, iliyo nzima. "Tuanze na kipi?"

"Wimbo."

"Vizuri. Diski ikishaugua, hakuna muda wa kuzurura. Chukua cha thamani kwanza. Kiweke kwenye diski nyingine, si hii hii. Ikikataa kusomeka, tunaacha mara moja. Tutawapelekea wataalamu wanaofungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi."

Kunakili kukaanza. Mstari kwenye kioo ukasogea kidogo, ukasimama. Tone akamshika mkewe mkono. Mstari ukasogea tena, ukasita, ukafika mwisho.

Jirani akabonyeza. Sauti ya kikongwe ikajaa chumbani. Katikati ya ubeti ikaacha kuimba, ikagomba: "Mkwe, hebu punguza hiyo cherehani! Nabembeleza mtoto au nabembeleza nguo?"

Mke alicheka huku analia. Tone naye alifuta machozi waziwazi. "Nilimpenda sana mama huyu," alisema.

"Basi msimpoteze tena," alisema jirani. "Kitu cha thamani hakikai mahali pamoja. Wekeni nakala moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi, na moja kwa mtu mwingine, mbali na nyumba hii. Moja ikifa, nyingine ipo. Na mara kwa mara mzifungue, muone kama bado zinafunguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila sauti ya mama, dada, hakuna fundi wa kuijenga upya."

Kompyuta ikatiwa diski mpya. Flashi ikafungiwa kabatini. Nakala ya tatu ilitumwa kwa binti siku ile ile.

Jioni mke akampigia simu. "Mjukuu wangu ameshalala?"

"Kitambo, Mama," binti alinong'ona. Nyuma yake wimbo ulikuwa bado unasikika. "Mimi ndiye niliyeshindwa kuuzima."